Kwa wakuu wa elimu Uganda: nimjibu nini binti anayetaka kusomea ualimu?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo. Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Tume ya Utumishi wa Elimu. Kwa Wizara ya Utumishi wa Umma. Na kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vyenye vitivo vya elimu.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Busia, upande wetu wa mpaka. Naandika nikiwa kwenye meza ya plastiki nje ya duka la fotokopi, karibu na barabara ambayo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Kenya. Siku za wiki nafundisha Kiswahili na Historia katika shule nne za binafsi, kwa malipo ya kipindi. Jioni na Jumamosi niko hapa mezani. Wafanyabiashara huniletea fomu zao niwajazie, na vijana waliomaliza kidato cha sita huniletea simu niwaombee nafasi vyuoni. Ombi moja ni shilingi 2,000, kupiga picha vyeti humo humo.

Jumamosi iliyopita alikuja binti wa shangazi yangu. Matokeo yake ni mazuri, na Kiswahili ndiko alikofanya vizuri zaidi. Tulijaza jina, namba ya mtihani, wilaya, majina ya wazazi. Tulipofika kwenye chaguo la kwanza nikamuuliza niandike nini. Akanitazama, akaitazama meza, akalitazama boksi la karatasi ambalo ndilo kiti cha mteja, kisha akasema kwa adabu zote: "Kaka, nikisomea ualimu nitakuwa nani, mbali na kuwa wewe?"

Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea mashine. Mimi nikamwambia binti arudi wiki ijayo, nitamjibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu, na kila ninakopita naishia milangoni kwenu.

Nianze na tulichosoma, maana huenda wengine kati yenu mna muda mrefu tangu mtoke huko. Shahada ya elimu ni miaka mitatu. Pamoja na masomo yetu mawili ya kufundishia, tulisoma jinsi mtoto anavyojifunza, jinsi mtaala unavyoundwa, jinsi mtihani unavyotungwa na kupimwa kama unapima kinachotakiwa, uongozi wa shule, ushauri nasaha, hata uchumi wa elimu. Tulifanya mazoezi ya kufundisha, mkaguzi ameketi dawati la nyuma na daftari lake, jasho linatutiririka. Ukiyapanga hayo yote unaona fani kadhaa ndani ya shahada moja: mtunga mitaala, mpimaji, mshauri, mkaguzi, mhariri wa vitabu, mwalimu wa watu wazima. Halafu siku unayovua joho, unaonyeshwa mlango mmoja tu, nao una foleni.

Mlango wenyewe mnaujua kuliko mimi. Wa sekondari wanapita kwenye Tume ya Utumishi wa Elimu, wa msingi wanapita kwenye tume za utumishi za wilaya. Ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba nafasi haifunguki kwa sababu watoto wamebanana darasani. Inafunguka fungu la mshahara linapopatikana. Darasa linaweza kukaa bila mwalimu wa somo mwaka mzima, na mwalimu wa somo hilo hilo akakaa nyumbani nusu kilomita kutoka hapo, wote wawili wanasubiri karatasi moja kutoka Kampala. Nimewahi kwenda kwenye usaili katika wilaya moja, siitaji jina. Nafasi zilikuwa tatu. Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka tangi la maji, ikaishia chini ya mwembe, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kipara na wajukuu, akaniambia hiyo ni mara yake ya tano. Tulianza utani wa kuombeana heri. Ilipofika saa nane hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

Sasa sikilizeni biashara ninayoifanya kwenye meza hii, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza 2020, mwalimu aliambiwa aache kuwakaririsha watoto, awape hali halisi ya maisha waitatue. Na watoto wa kwanza wa mtaala huo walipofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, asilimia 20 ya alama ilitokana na tathmini endelevu ya shuleni. Ni jambo zuri, na nalisema kwa moyo mweupe. Lakini swali la hali halisi halitungwi kwa dakika tano. Linataka mtu anayejua somo, anayemjua mtoto, na anayejua upimaji. Mwalimu mwenye vipindi zaidi ya 20 kwa wiki na madaftari ya watoto 90 hana saa hiyo. Basi akisikia kuna mtu Busia anatunga, anakuja.

Swali la kwanza nililouza lilihusu mama anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Amevuka na magunia mawili, karani amemwandikia ushuru wa magunia manne, na yeye hajui kusoma risiti. Mwanafunzi aandike mazungumzo kati ya mama na karani, kisha amwandikie mama huyo barua ya malalamiko. Nililitunga jioni moja nikimsikiliza mama wa kweli akigombana kweli, mita chache kutoka hapa. Nililipwa 15,000 pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Katika kuchapa nilikosea, badala ya "ushuru" nikaandika "ushuri". Muhula uliofuata, mwanafunzi wa shule ambayo sijawahi kuikanyaga aliniletea karatasi ya mtihani nimsaidie masahihisho. Juu kuna nembo ya shule yao, chini kuna mama yangu wa mukene, na "ushuri" yuko pale pale ametulia. Tangu hapo nimekutana naye kwenye karatasi za shule tatu nyingine.

Sikukasirika, labda kidogo. Ila nilijiuliza: kama swali moja la mtu wa meza ya plastiki linasafiri shule tano bila hata kusahihishwa tahajia, ni nani aliyepewa kazi ya kuwasaidia walimu hawa kupima? Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kiko Kyambogo, UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, iko Kampala, na hakuna anayewalaumu kwa kutofika kila shule ya Samia Bugwe, huku kwetu wilayani Busia. Lakini katika ofisi ya elimu ya wilaya, chini ya Afisa Elimu, kungeweza kuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kutunga na walimu, kuhariri, kuhakiki tathmini zinazopelekwa UNEB, kuweka hazina ya maswali ya wilaya. Mtu wa namna hiyo tayari mmeshamsomesha. Hana cheo tu. Cheo chake hakimo kwenye muundo wa utumishi, na kisichokuwemo kwenye muundo hakitangazwi, na kisichotangazwa hakiwezi kuwa jibu la swali la binti wa shangazi.

Nikija kwenye Kiswahili, hapo nitawaomba mniwie radhi nikiongea kwa uchungu, kwa sababu ni somo langu. Kwenye makaratasi, Kiswahili nchini Uganda ni tajiri. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtaala wa 2020 ukakifanya cha lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa, msingi na sekondari. Mtu wa nje akisoma orodha hiyo atadhani mwalimu wa Kiswahili hapa anagombewa kama fundi wa simu.

Katika shule moja ninayofundisha, Kiswahili kimewekwa saa kumi na nusu jioni, wakati wa kufagia. Nafundisha ngeli huku ufagio unapita chini ya miguu yangu. Katika nyingine hakimo kwenye ratiba kabisa. Naitwa mkaguzi akitarajiwa. Wakuu wa shule hizo si watu wabaya. Wanafanya hesabu: somo la lazima ambalo halikuja na mwalimu wala vitabu wala fungu, linakuwa la lazima siku ya ukaguzi tu. Na shule nyingi za serikali zinasema hazina mwalimu wa Kiswahili. Walimu wa Kiswahili tunasema hatuna shule. Hivi hatuwezi kukutanishwa?

Tena hapa sizungumzii darasa peke yake. Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, na biashara yote ya hapa, kuanzia kwa dereva wa lori hadi kwa mama wa mukene, inakwenda kwa Kiswahili. Askari wetu na polisi wanakihitaji. Katika makambi ya wakimbizi ya Kyangwali, Nakivale na Kyaka II wapo maelfu ya watoto kutoka Kongo wanaofika wakiongea Kiswahili, wakaingizwa katika darasa la Kiingereza. Mwenzangu wa chuo, dada mwenye kipaji cha kufundisha watoto wadogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, aliajiriwa na shirika moja kuwa mwalimu msaidizi katika kambi mojawapo: mwalimu anaeleza kwa Kiingereza, yeye anawaeleza watoto kwa Kiswahili, na polepole wanavuka daraja. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Fedha za mradi zilipoisha, daraja likavunjwa watoto wakiwa katikati. Siku hizi yuko Arabuni, anafanya kazi za ndani. Mara moja moja hunitumia ujumbe wa sauti usiku akiwa amechoka, na bado ananiuliza kama wilaya yoyote imetangaza nafasi. Mlikubali mwaka 2018 kuwa na mpango wa kitaifa wa elimu ya wakimbizi. Kwa nini mtu anayefanya kazi yake awe wa mfadhili, anayeondoka mfadhili akiondoka?

Kuhusu mishahara nitasema kwa ufupi, wenzangu wa vyama wameshasema kwa migomo. Mgala muue na haki umpe: mwaka 2022 mlipompandisha mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi 4,000,000, mlifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa zamani. Lakini mwenzake wa sanaa mwenye shahada ile ile alibaki kwenye kama 1,100,000, nao wanachota chai kwenye birika moja. Juni 2025 walimu wa sanaa waligoma. Msidhani jambo hili linaishia kwenye chumba cha walimu. Linafika kwenye kisanduku cha chaguo la kwanza. Hata mikopo ya elimu ya juu ilipoanza 2014 ilielekezwa kwa masomo ya sayansi. Kwa hiyo kijana anayependa lugha anaambiwa mara mbili, kabla hajaingia na baada ya kutoka, kwamba amekosea njia. Kisha mnashangaa shule hazina mwalimu wa Kiswahili.

Kuna na wale waliokwisha kuingia ndani. Shemeji yangu anafundisha shule ya msingi ya serikali kwa cheti cha Daraja la Tatu, mshahara wake ni kama 500,000. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 ilisema kila mwalimu awe na shahada, akaitii. Likizo zake zote zimeishia chuoni, mbuzi wameuzwa, mke wake (dada yangu huyo) amebeba nyumba peke yake. Amemaliza. Ana shahada, na mshahara ni ule ule wa cheti, kwa sababu kupandishwa nako kunasubiri nafasi. Yaani amepanda ngazi, akakuta juu hakuna sakafu. Muundo wa utumishi una majina mazuri ya vyeo, afisa elimu, mwandamizi, mkuu, lakini mwalimu wa kawaida anajua kwamba njia ya uhakika ya kuongezewa ni kuwa mwalimu mkuu, yaani kuacha kufundisha. Nimeona mabingwa wa hesabu wakigeuzwa walinzi wa stoo ya mahindi kwa njia hiyo.

Chekechea nazigusa tu. Sheria ya Elimu ya 2008 iliziacha mikononi mwa watu binafsi, na ndiyo maana mwenye shahada ya malezi ya watoto wadogo anashindania kazi na jirani yeyote mwenye sebule kubwa. Mlioandika sheria ndio mnaoweza kuigusa.

Basi ninachoomba ni hiki. Kila mwaka, kabla vyuo havijafungua maombi, tangazeni hadharani mahitaji ya walimu kwa kila somo na kwa kila wilaya: waliopo, wanaokaribia kustaafu, nafasi ambazo zina fungu na zile zisizo nalo. Walimu mmekwisha kutusajili kwenye mfumo wenu wa kielektroniki, kwa hiyo hesabu haianzi sifuri. Vyuo navyo vilazimike kuiweka hesabu hiyo kwenye ukurasa ule ule wanapotaja karo. Mtu akiamua kusomea somo lenye foleni ya miaka kumi, aamue akijua. Mimi sikujua. Chuo nilichosoma kilitupokea tukiwa ukumbi mzima, na hakuna aliyetuambia hata siku moja idadi ya nafasi zilizokuwa zikitusubiri.

Wizara ya Utumishi wa Umma iingize kwenye muundo kazi ambazo zinafanyika tayari bila jina. Mpimaji wa wilaya nimeshamtaja. Mwalimu wa lugha wa shule za makambini ni mwingine. Mshauri nasaha wa shule ni wa tatu, maana leo kazi hiyo anapewa mwalimu yeyote mwenye sura ya upole. Sisemi waajiriwe wote mwaka huu, naijua Hazina. Nasema kazi ziwe na jina, ngazi na sifa zake, ili hata shule ya binafsi au shirika likitaka mtu lijue linamwita nani na linamlipa kama nani.

Na Makamu Wakuu, mazoezi ya kufundisha yasiishie kwenye ubao. Muhula mmoja uwe darasani kama kawaida. Mwingine mpelekeni mwanafunzi mahali pengine elimu inapofanyika: ofisi ya mkaguzi, chumba cha wahariri wa vitabu, redio inayotangaza kwa Kiswahili, kambi ya wakimbizi, hata Gereza la Luzira, ambako wafungwa wanasoma na kufanya mitihani ya UNEB kama watahiniwa wengine. Hakuna aliyewahi kuniambia nikiwa chuoni kwamba gerezani kuna shule. Ningekwenda.

Jana jioni nilimpigia shangazi nimweleze kwamba bado natafuta jibu la bintiye. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, wewe mwandikie ualimu. Angalau ukishindwa kazi utajua kuongea na watu." Sijui kama alikuwa ananisifu.

Leo ni Ijumaa. Fomu ya binti bado iko kwenye simu yake, kila kitu kimejazwa isipokuwa kisanduku cha chaguo la kwanza. Kesho saa nne asubuhi atakaa kwenye boksi la karatasi mbele yangu, na mwisho wa kutuma ni Jumatatu.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Busia